Mwaka wa Machela Tupu

Simu ya Nyanzira ilinikuta jikoni kwangu Kibondo nikigombana na mjukuu. Mtoto alikuwa amejibanza kwenye kigoda na simu ya mama yake, anacheza mchezo wa kujenga kijiji. Nilipoinama kumwambia asogee mbali na moto, nikaona watu wake wadogo wanakatiza kwenye kioo wamebeba machela wawili wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma, na juu ya kila machela kuna magogo. Nilipiga kelele. "Shusha! Shusha hayo magogo sasa hivi!" Mtoto akanitazama kwa huruma, ile wanayotutazama nayo wakidhani tumeanza kuchanganyikiwa, akasema, "Bibi, ni gemu tu." Hapo simu yangu ikalia juu ya kabati la vyombo. "Shangazi Skola," alisema Nyanzira kutoka Kasulu, sauti imemkauka, "Baba ametutoka. Tunazika kesho." Nikakaa chini, palepale sakafuni, mwiko mkononi. Leonidasi! Ugali uliungua na hakuna aliyeuhangaikia.

Mimi ni mtu wa kushtuka, nimezaliwa hivyo. Wenzangu umri ukienda hutulia. Mimi hata mlango ukibamizwa na upepo natoka nje kuuliza kuna nini. Mishtuko yangu mingi hupita kabla sijamaliza kushika kifua. Ile ya mwaka niliofanya kazi na Leonidasi haijapita. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati malori ya misaada yalikuwa yameigeuza barabara ya Kibondo na Kasulu kuwa vumbi kiangazi na tope masika. Nilikuwa binti aliyetoka Murungu na cheti cha kupiga chapa, nikaajiriwa Kasulu na shirika moja lililokuwa linachimba visima na kutandaza mabomba, mengine kwenye vijiji vyetu na mengine kwenye kambi ya Mtabila, walikokuwa Warundi waliokimbia vita. Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga, mali ya mfanyabiashara mmoja wa mjini. Sebule tuliifanya mapokezi. Chumba cha wageni kilijaa viungio vya mabomba na mifuko ya saruji. Chumba cha ndani kabisa, ambacho mwenye nyumba alikuwa amemjengea mke mdogo, ndicho kilichowekwa kompyuta. Kuta zake zilikuwa za rangi ya waridi, na kwenye dari ilikuwa bado inaning'inia ndoano ya chandarua. Kompyuta yenyewe ilikuwa na kichwa kikubwa kama televisheni ya zamani, na Mama Zuhura, mpishi wetu, aliifumia kitambaa cheupe cha kuifunika kwa sababu, alisema, kitu cha bei ghali hakiachwi uchi.

Mama Zuhura alikuwa mtu wa Ujiji, na jikoni kwake ndiko habari zote zilikopikwa. Tulikula mchana kwenye veranda ya nyuma: ugali wa muhogo, maharage, na siku za bahati migebuka iliyopanda na basi kutoka ziwani. Hapo ndipo nilipozoeana na Leonidasi. Kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwetu alikuwa mkalimani, akija kutoka kambini na kibali mfukoni na kofia ya kitambaa ambayo hakuivua hata jua likizama. Aliniita Mamzeli. Alikula polepole, akifunga nusu ya samaki wake kwenye jani la mgomba ampelekee mkewe Domitila, ambaye alikuwa mjamzito. Mimba mbili za mwanzo zilikuwa zimemtoka, moja nyumbani na nyingine njiani wakikimbia, kwa hiyo kila adhuhuri Mama Zuhura alimuuliza, "Domitila ameamkaje?" na sote tulisimamisha tonge mpaka ajibu.

Mkubwa wetu alikuwa mhandisi wa Kizungu tuliyemwita Bwana Pita, mrefu hata kila mlango ilibidi auinamie. Kiswahili alikisoma kitabuni, akakisema bila kuruka hata herufi moja. Alikuwa mtu mwema, nisimsingizie. Ndiye aliyeleta mchezo, kwenye diski, na jioni jenereta likiwa bado linanguruma alituruhusu kucheza. Mara ya kwanza macho yalinitoka pima. Kwenye kioo kulikuwa na msitu, mto, na watu wadogo kama punje za mtama wanatembea! Tuliwaita Wadogo. Kazi yako ni kuwajengea makazi kabla baridi haijaja, kwa maana nchi yao ilikuwa na msimu ambao vitu vyeupe huanguka kutoka mbinguni na chakula hakioti. Mama Zuhura alipoona theluji mara ya kwanza aliuliza nani amewamwagia chumvi. Mdogo akianza hana kitu, anabeba gogo moja kifuani. Ukitaka abebe zaidi unampa zana kutoka ghalani. Kikapu cha mgongoni kilibeba mawe. Toroli ilibeba zaidi ila ilidai njia iliyosawazishwa, na mkokoteni ulidai punda, na punda akadai majani. Halafu kulikuwa na machela, miti miwili na kitambaa katikati, inayoshikwa na watu wawili, inayopita popote hata mlimani, na iliyobeba nafaka nyingi kuliko toroli. Waliotengeneza mchezo ule walikusudia machela iwe ya mizigo. Hilo ndilo neno la kukumbuka.

Leonidasi alipoiona alicheka kwa furaha. "Eh! Hata hawa wana ingobyi!" Hilo ndilo jina lake kwa Kirundi na kwa Kiha chetu. Akatengeneza machela kadhaa, akaweka moja kwenye kila kundi la nyumba, na Wadogo wawili wakakaa kando yake. Mimi, binti mwerevu, nikashika kipanya nikavuta nafaka niipakie. Akanishika kifundo cha mkono. Nilishtuka hata kiti kikalia, maana mtu yule hakuwa na desturi ya kumgusa mtu. "Hapana, Mamzeli. Hiyo ya mtu." Nikamwambia ni mchezo. Akasema, "Mzigo unatupwa chini, puu. Mtu hatupwi. Ingobyi ukiizoesha kutupa, siku ya mtu itamtupa." Niliona haya kidogo, kwa sababu nilijua anachosema. Murungu kwetu kila kilima kilikuwa na ingobyi yake, imening'inizwa chini ya paa la nyumba moja inayojulikana. Alibebwa humo mgonjwa, mama aliyeshindwa kujifungua, hata bibi harusi zamani. Kilio cha ingobyi kikipigwa, kila anayekisikia huweka chini alichobeba, na ukikutana nayo njiani lazima utie bega. Asiyetia bega, siku yake hatabebwa. Nilikuwa nikidhani mambo hayo ni ya bibi zetu na hayana kiti kwenye chumba cha kompyuta.

Masika yakaja na shida yake. Bwana Pita alitakiwa kupandisha mabomba na saruji kwenye chemchemi iliyo juu ya bonde, mahali ambapo gari halifiki, akawa anatafuta zana za kubebea. Toroli zilikuwa chache. Siku moja alirudi kutoka Mtabila amekunja uso. Alikuwa ameona machela za turubai na bomba la chuma ambazo shirika liligawa kila mtaa wa kambi, na mtaa wa Leonidasi zilikuwa zinaning'inia tupu. "Zana ambayo haibebi ni mzigo," alisema. "Nitazichukua zibebe saruji." Leonidasi alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alikiweka chini. Mtaa wao ulikuwa ng'ambo ya bonde. Mvua ikinyesha, gari la zahanati haliwezi kuvuka, na mkunga alikuwa upande huu. Sote pale verandani tulijua anamfikiria nani. "Bwana Pita," akasema, "machela haibebi saruji. Ikishabeba saruji, Domitila alale wapi?" Bwana Pita akasema kwa upole kwamba mke wake akiumwa machela itaitwa, itamwaga saruji, itakuja. Leonidasi akasema haitakuja. Wakabishana mpaka maharage yakapoa, na mwisho yule Mzungu, kwa kuwa hakupenda kuamrisha bila kushawishi, akasema jambo ambalo mpaka leo siamini kwamba mtu mzima alilisema. "Tujaribu kwenye mchezo. Mchezo hauna kabila wala dini. Mimi nitapakia machela zangu nafaka, wewe ziache tupu. Kama watu wako watavuka baridi, machela za mtaa wako zitabaki." Mama Zuhura akaiachia sufuria. "Kazi mbaya si mchezo mwema," akanong'ona, "na huu si hata mchezo mwema."

Bwana Pita alicheza kwanza. Machela zake zilipanda na kushuka bila kupumzika, na theluji ilipokuja ghala zake zilikuwa zimejaa. Wadogo wake walivuka wakanenepa. Zamu ya Leonidasi ilipofika tulijaa kwenye kile chumba cha waridi, mimi, Mama Zuhura na unga mikononi, dereva mlangoni, Bwana Pita amekaa juu ya meza kama mvulana. Leonidasi alicheza vizuri, msinidharaulie. Alisawazisha njia mapema, akaongeza toroli, akalisha punda, na machela zake zikakaa zimenyooka tupu mbele ya nyumba. Chakula kilikuwa kidogo kuliko cha mwenzake lakini kilitosha. Nikaanza kusali rozari kwa vidole. Theluji ikaanza. Hapo Mdogo mmoja akaanguka kwenye machimbo ya mawe, na alama nyekundu ikawaka juu ya kichwa chake.

Kwenye mchezo ule aliyeumia hulala alipo mpaka ainuke mwenyewe au atoweke, na hakuna mwenzake anayemjali. Leonidasi alielekeza machela kwake. Haikwenda. Akajaribu tena, na tena, na wale wabebaji wawili wakabaki wamesimama, kwa sababu aliyewaumba hakuwafundisha kwamba mtu hubebwa. Ndipo akafanya kitu kilichonifanya nishike kichwa kwa mikono miwili. Kulikuwa na mnara wa kengele, wa kuitia watu adui akija. Kengele ikilia, wote hutupa zana walizoshika wakakimbilia mnarani. Leonidasi akaujenga mnara ule palepale machimboni, kando ya aliyeanguka, akapiga kengele. Vikapu vikaanguka. Toroli zikaachwa katikati ya njia. Punda wakasimama na mikokoteni yao. Kijiji kizima kikaja kikamzunguka yule mmoja, kikasimama. "Leonidasi!" nilipiga kelele. "Leonidasi, chakula! Rudisha watu!" Theluji ilikuwa inaifunika nafaka njiani. Bwana Pita hakucheka. Alikuwa ameinama, anatazama. Alama nyekundu ilififia polepole, ikazimika, na Mdogo akatoweka. Leonidasi akasimama, akavua kofia yake. Ile kofia! Kisha akakaa, akawarudisha watu kazini wakiwa wamechelewa, na kabla ya masika kijiji chake kilikufa njaa nyumba kwa nyumba mbele ya macho yetu. "Samahani," alisema Bwana Pita, na nadhani alimaanisha. Kesho yake machela zilichukuliwa.

Nilimfuata Leonidasi jikoni nikiwa nimefura. Jikoni alikuwepo pia Sebastiani, mchoma mkaa wa kijiji cha karibu na kambi, Mha mwenzangu, aliyekuja kutuuzia gunia na mkono wake wa kushoto umefungwa kitambaa. Alikuwa amepigana na watu wa kambi kisimani, akawa anamwambia Mama Zuhura kwamba watu hao wamekata miti yote na kuchimba mihogo ya wenyewe, na kwamba yeye hata maji ya kuzimia moto hawapi. Sikumjali. "Una mke wa kumuwaza," nilimwambia Leonidasi, "ukawawaza watu wa kwenye kioo! Watu ambao hawapo! Umempotezea Domitila machela kwa ajili ya kivuli!" Sebastiani aliacha kulalamika akatusikiliza. Leonidasi alisugua kidole chake cha shahada kama kina mwiba. "Kilikataa," alisema. "Mamzeli, kidole kilikataa. Nilikiambia bonyeza kwingine, kikauliza, afe peke yake nani?" Niliondoka bila kuaga. Kwa siku nyingi sikumuuliza Domitila ameamkaje. Aliuliza Mama Zuhura peke yake, nami nikatazama sahani yangu. Nilikuwa naogopa. Hasira yangu yote ilikuwa woga.

Mvua ikanyesha kama imelipwa. Wabebaji walikuwa watu wa kambi na watu wa vijiji vyetu, wamechanganywa kwenye njia moja kwa kuwa Bwana Pita alitaka kazi iishe, na kila jioni tulisikia wametukanana. Asubuhi moja Leonidasi hakuja kazini. Bwana Pita akaniambia nipande gari, nimtafsirie Kiha. Nilivaa viatu vyangu vipya na mkoba wangu wa ngozi ya kuigiza, nilioununua Kibondo na kuupenda kuliko watu wengine. Mwisho wa barabara tukashuka, tukaanza kupanda kwa miguu. Tukakuta bomba limelala kwenye tope. Mbele kidogo jingine, na jingine. Kisha toroli imepinduliwa, gurudumu juu. Bwana Pita akaanza kutembea haraka. Kisha tukakuta mifuko ya saruji imewekwa chini, si kutupwa, imewekwa mmoja kando ya mwingine, na mvua inainyeshea, na machela iliyoibeba haipo. "Wameiba machela!" alisema Bwana Pita, akageuka mwekundu. Mimi nilikuwa nimeshaacha kumsikiliza. Vinyweleo vilikuwa vimenisimama mwili mzima, kwa sababu mizigo iliendelea na haikuwa ya shirika. Kulikuwa na mafungu ya kuni ya wanawake wa kambi, na madumu yao ya maji. Kulikuwa na vikapu vya mihogo vilivyosukwa kama tunavyosuka sisi, baiskeli yenye mikungu ya ndizi imelazwa kwenye majani, mbuzi amefungwa kwenye mti anatafuna. Kulikuwa na gunia la mkaa. Vyote kando ya njia, upande mmoja, njia imeachwa wazi katikati. Na mtu hata mmoja hakuna. Nilikuwa nimekiona kitu hiki. Nilikuwa nimekiona kwenye chumba cha waridi na theluji ikikifunika.

"Ni ingobyi," nilisema. Bwana Pita akauliza ni nini. Nilikuwa nimeshavua viatu. Mkoba ulinipiga ubavuni nikikimbia, nikauvua begani, mimi, mtu ambaye nililala nao chini ya mto, nikauweka kando ya madumu ya wakimbizi nikaendelea. Tuliwakuta kwenye mteremko wa bonde. Wanaume walikuwa wamesimama wametugeuzia migongo, Warundi na Waha bega kwa bega, na mbele yao wanawake walikuwa wameshika vitenge na khanga kufanya ukuta. Machela yenye vumbi la saruji ilikuwa chini, imeshushwa taratibu, pembe zake zimewekewa majani. Leonidasi alikuwa amepiga magoti kwenye tope, kofia mkononi. Nilipoona kofia mkononi moyo ulinipasuka paa! Nilifikiri tumeshachelewa. Ndipo kutoka nyuma ya vile vitenge kikaja kilio chembamba, cha hasira, cha mtu aliyeletwa duniani kwenye mvua bila kuulizwa. "Imana yanje," Mungu wangu kwa Kirundi, alisema Leonidasi, na akarudia, na akarudia. Domitila alikuwa hai. Alikuwa anatukana, jambo ambalo wanawake walisema ni dalili nzuri. Walimweka kwenye machela pamoja na mtoto, wakaifunika turubai, wakaita mabega.

Aliyejitokeza wa kwanza ni Sebastiani. Sebastiani yule, na mkono wake uliofungwa! Aliinamisha bega la kulia chini ya bomba la chuma, na kwenye bomba la pili alikuwa kijana wa kambi mwenye jeraha la mdomo ambalo nadhani alilipata kisimani siku ileile. Nilimsogelea nikamuuliza kwa Kiha, mdomo wazi, "Wewe? Ugomvi wenu uko wapi?" Hakunitazama, alikuwa anatafuta pa kukanyaga. "Tumeuweka chini pamoja na mkaa," alisema. "Tukirudi tutauchukua." Bwana Pita naye alitia bega, maana dereva alimweleza. Kwa urefu wake machela ikainamia upande mmoja na Domitila akapiga yowe, wakamwomba aache, wakampa furushi la nguo za mtoto alibebe. Alilibeba kwa mikono miwili hadi zahanati. Na Sebastiani hakunidanganya. Jioni ile walirudi njiani, kila mtu akachukua kilicho chake, na kabla ya giza wakawa wanatukanana kisimani.

Saruji yote iliganda. Kazi ya chemchemi ilichelewa, na mtaa mmoja wa kambi ukaendelea kuchota maji ya matope kwa wiki kadhaa, na watoto wakaharisha. Siifichi habari hiyo, kwa kuwa Bwana Pita aliisema waziwazi mezani tukila, bila ubaya. "Kwa hesabu mchezo ulisema kweli." Leonidasi akajibu, "Ulisema kweli kabisa." Wakatazamana, wakaendelea kula. Machela Bwana Pita hakuiulizia tena, wala hakusema ameiacha. Alipohamishwa aliondoka na kompyuta, na Mama Zuhura akabaki na kitambaa chake. Mkoba wangu niliukuta siku ileile mahali nilipouweka. Sikuukuta kama nilivyouacha. Mtu alikuwa ameuinua kutoka kwenye tope, akauweka juu ya jiwe, akaufunika jani la mgomba usilowe, na juu ya jani akaweka kijiwe upepo usilipeperushe. Mpaka leo sijui ni nani. Nilikaa kando yake nikalia, viatu mkononi, na dereva akapiga honi mpaka akachoka. Mtoto walimwita Nyanzira, kama wanavyomwita kwao binti aliyezaliwa njiani.

Basi nikaenda kumzika. Leonidasi hakurudi kwao kambi ilipofungwa. Alikuwa ameshapata uraia kwa njia ndefu ambayo hakunisimulia yote, akawa anauza maharage pembezoni mwa Kasulu, na Domitila alitangulia miaka michache nyuma. Nilimchukua mjukuu, tukakodi gari, na njia nzima nilikuwa nalalamika. Nilimwambia watoto wa siku hizi hawana ingobyi, wana bodaboda. Mtu akianguka wanampiga picha. Mtoto alikuwa anacheza gemu lake na kuitikia, "Ndiyo, Bibi." Karibu na nyumba ya msiba barabara ilikuwa imekatwa na mvua, na gari lililobeba jeneza kutoka hospitali lilikuwa limezama kwenye tope hadi mlangoni, na kilima kizima mbele. Nikaona Nyanzira anashuka, amejifunga kitenge kiunoni. Hakupiga simu. Aliweka mikono kinywani akapiga kile kilio.

Nilidhani hakuna atakayejua ni nini. Kisha bodaboda ya kwanza ikazimwa, ikalazwa kando. Ya pili ikafuata na abiria wake akashuka. Vijana wenye nywele za kunyolewa michoro, wenye jezi za timu, waliteremka kutoka kila upande wa kilima. Mmoja alikuwa na kuku wa mtu kwenye kiti cha nyuma, mwingine na gunia la simenti, mwingine alikuwa anasukuma toroli ya matofali, na vyote viliwekwa upande mmoja, funguo zikiwa ndani, njia ikaachwa wazi katikati. Nilisimama hapo mdomo wazi, mzee mzima, sijui niliwatukana saa ngapi watoto hawa na walinikosea nini. Jeneza likapanda mabegani. Nikavua viatu. Nikauweka mkoba juu ya jiwe.

"Bibi, mkoba wako!" alisema mjukuu.

"Uache. Na simu yako iweke hapo juu yake."

Alinitazama, akatazama umati, akatazama ile simu iliyokuwa bado inawaka, watu wake wadogo wakitembea na magogo yao. Nikamwona anavyoshtuka, macho yamemtoka, mkono kifuani, kama mimi kabisa. Kisha akaiweka.